SARAFU IITWAYO "NZURI"

Katika karatasi za bei wanazoandika wauza sarafu za kale liko neno moja la Kiingereza ambalo limewatia hasarani watu wengi, nalo ni neno "Good". Kila mtoto aliyeanza kujifunza Kiingereza ajua maana yake: nzuri. Basi mtu asomapo ya kwamba rupia fulani ni "Good", huona moyoni mwake mfalme mwenye sharubu zake zote, na maandishi yasomekayo bila taabu, na fedha ing'aayo. Akiisha kutuma malipo na kuletewa bahasha yake, akuta kidude chembamba kilicholika, hata sura ya mfalme imebaki kama kivuli cha mtu ukutani. Hukasirika, akamwandikia muuzaji maneno makali. Lakini muuzaji hakumdanganya. Katika lugha ya watu wa kazi hiyo "Good" ni daraja la karibu na mwisho. Chini yake yamebaki madaraja mawili matatu tu.

Mimi ni mwalimu wa shule, wala si mfanya biashara ya sarafu. Nilianza kuziweka miaka kumi na sita iliyopita, kwa kuwa katika nchi yetu hii ya Unyamwezi, kando ya reli, hazikosekani. Watu wakilima huziokota. Wakibomoa nyumba ya udongo huzikuta zimefukiwa penye nguzo. Tena lugha yetu yenyewe imejaa sarafu. Twasema, "Sina hela," wala hatukumbuki ya kuwa hela ilikuwa sarafu ndogo ya Wajerumani, iliyoanza kupigwa mwaka 1904, mia moja kwa rupia. Na kabla yake zilikuwako pesa za shaba, sitini na nne kwa rupia. Vijana waliorithi vitu hivi kwa babu zao huniletea niviangalie, na wengine wamependa kuanza kukusanya. Wote hukwama mahali pamoja, yaani katika yale maneno ya madaraja. Kwa hiyo nataka kuyaeleza kama ninavyoyatumia mwenyewe.

Daraja la sarafu ni ushuhuda juu ya jambo moja: imelika kadiri gani tangu siku ilipotoka kiwandani. Umri wake ni habari nyingine, na uadimu wake ni habari nyingine tena. Sarafu iliyo adimu sana yaweza kuwa ya daraja la chini, na iliyo tele sokoni yaweza kuwa ya daraja la juu. Juu ya umri yatosha kuitazama reale ya Maria Theresa, ambayo wazee wa pwani waliijua sana. Imeandikwa mwaka 1780, na malkia mwenyewe alikufa mwaka huo huo. Lakini viwanda vya Vienna, na vya nchi nyingine baadaye, London na Roma na Bombay, vilizidi kuipiga kwa tarehe ile ile, hata katika karne ya ishirini, kwa kuwa wafanya biashara wa Bahari ya Sham hawakutaka sarafu nyingine. Basi ukiona reale ya 1780 ing'aayo kama ya jana, usistaajabu. Huenda ni ya jana kweli, au ya juzi.

Namna ya kulika kwa sarafu ni kama ya mpini wa jembe. Mpini haulainiki pote sawasawa. Hulainika pale mkono unapoushika. Hali kadhalika sarafu: mahali palipoinuka ndipo panapokutana na vidole, na mfuko, na meza ya duka, na sarafu nyinginezo, na hapo ndipo panapoanza kusagika. Mwenye kujua mahali palipoinuka katika kila sarafu amekwisha kujua nusu ya kazi hii. Asiyejua huangalia uso mzima mara moja, akasema, "Yapendeza," au, "Haipendezi," wala hajapima kitu.

Na tuchukue shilingi ya simba, ile ya Afrika ya Mashariki iliyopigwa tangu mwaka 1921, ambayo wazazi wetu waliitumia katika Tanganyika na Kenya na Uganda, hata kila nchi ilipotoa fedha yake mwaka 1966. Zile za mwanzo, mpaka za mwaka 1946, robo yake ni fedha. Upande mmoja amesimama simba na milima nyuma yake. Upande wa pili, katika zile za miaka ya mwanzo, ni Mfalme George wa Tano mwenye taji. Ukiijaliwa shilingi ambayo haijapita mikononi mwa watu kabisa, ishike kwa ukingo wake karibu na dirisha, uigeuze polepole. Utaona mwanga ukiizunguka kama miti ya gurudumu la baiskeli. Mng'ao huo hutoka kiwandani, wakati madini yanaposhinikizwa katika muhuri, nao ukiisha kuondoka haurudi. Sarafu ya namna hii huitwa "Uncirculated", yaani ambayo haikuzunguka sokoni. Walakini yaweza kuwa na mikwaruzo, maana sarafu huangukiana kiwandani na kugongana katika magunia kabla hazijafika benki. Mkwaruzo wa gunia si kulika.

Chini yake ni "About Uncirculated", yaani karibu ya hiyo. Hapa mng'ao ungaliko, illa juu ya nyusi za mfalme na begani mwa simba rangi imefifia kidogo, kama kitambaa cheusi kinavyofifia magotini. Kisha ni "Extremely Fine": zile ncha zimeanza kuwa bapa, lakini nywele za simba zahesabika. Katika "Very Fine" nywele hizo zimeanza kushikana, na taji la mfalme lina mahali ambapo vito vyake haviachani. Katika "Fine" nusu ya mambo hayo madogo imekwenda. Simba ni mzima, maandishi yote ni safi, lakini manyoya yake ni kama yamelowa mvua. "Very Good" ni simba mwenye mistari michache tu mwilini. Na hiyo "Good" yetu ni umbo la simba pasipo manyoya, wajua ni simba kwa kuwa ulikwisha kuambiwa. Mwaka wasomeka, na jina la mfalme lasomeka, basi. Chini yake huja "Fair" na "Poor", ambapo ukingo umesagika mpaka umeingia katika herufi, na mwishowe hubaki ya kutambua tu kwamba kitu hiki kilikuwa shilingi.

Nadhani maneno haya hapo kwanza yalikuwa na maana yake ya kawaida, wakati wakusanyaji walipotosheka na madaraja matatu manne. Wanunuzi walipozidi kuwa wakali, majina mapya yaliongezwa juu, wala hakuna muuzaji aliyekubali kuyashusha majina ya chini na kuita kitu chake "kibovu". Hata neno "Fine" lina mtego wake wa pili, maana katika biashara ya fedha na dhahabu neno hilo hutaja usafi wa madini, wala si hali ya sarafu. Mtu akiandika "fine silver" asema habari ya fedha safi. Usiyachanganye mambo haya mawili unapoandikiana na mnunuzi.

Mwaka juzi nilipata kuona jinsi maneno haya yanavyoweza kumgharimu mtu asiyeyajua. Mwanzoni mwa mvua upepo uliezua paa la jiko la bibi mmoja jirani yetu, mjane aliyekaa na mjukuu wake. Alikuwa na kisanduku cha bati alichoachiwa na marehemu mumewe, na mumewe alikipata kwa babaye, aliyefanya kazi katika reli zamani za Wajerumani. Ndani zilikuwamo sarafu nane: shilingi nne za simba, senti kumi moja ya tundu, rupia moja yenye sura ya Kaiser, na hela ishirini mbili za shaba ya manjano. Akaja kijana mmoja mnunuzi kutoka mjini, akazimwaga juu ya mkeka, akaziangalia kwa muda usiotosha kuchemsha chai, akasema ya kwamba zote ni "Poor" tupu, naye anazinunua kwa huruma. Akataja bei moja kwa zote nane, nayo haikufika bei ya bati mbili. Bibi hajui Kiingereza, lakini haraka ile haikumpendeza. Alimwambia kijana arudi juma lijalo, na jioni akamtuma mjukuu kuniita.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae. Hebu niambie, hii pua aliyoitaja yule kijana ni kitu gani? Alinitukana, au alitaja bei?"

Nilimweleza kwamba hakumtukana, bali alizitukana sarafu zake, na ya kuwa yafaa tuone kama zilistahili. Nilitoa kioo changu cha kukuzia, tukasogea mlangoni penye mwanga.

Shilingi zilikuwa kama alivyosema, au karibu yake. Tatu ni "Good", moja "Very Good". Hapo sikuwa na neno la kumbishia yule kijana. Lakini zile hela ishirini zilikuwa habari nyingine, nami napenda kukaa hapa kidogo, kwa kuwa ni jambo linalowapoteza hata watu waliokwisha kukusanya kwa miaka mingi.

Hela hizo ni za Tabora. Vita vilipokata njia ya bahari, sarafu hazikuja tena kutoka Ulaya. Basi mwaka 1916 serikali ya Wajerumani ilipiga sarafu zake katika karakana ya reli hapo Tabora: hela tano na hela ishirini, na rupia kumi na tano za dhahabu zenye mchoro wa ndovu, zilizopata elfu kumi na sita hivi. Mihuri ilichongwa hapa hapa, na mitambo haikuwa ya kazi hiyo. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule Wabelgiji waliingia Tabora, na kazi ilikuwa imekwisha. Kwa sababu hiyo hela nyingi za Tabora zilizaliwa na chapa hafifu. Taji lake ni kama limezama matopeni tangu siku ya kwanza, kabla hajazishika mtu yeyote sokoni.

Sasa mtu ataitambuaje chapa hafifu, asidhani kuwa ni kulika? Kulika hulainisha. Mahali palipolika huwa laini kama jiwe la mtoni, na kingo za herufi hujikunja kuelekea chini. Chapa hafifu haikulainisha chochote. Huuacha uso wa madini kama ulivyokuwa kabla ya kupigwa, wenye chembechembe na vidonda vidogo. Tena aghalabu uhafifu huo huwa upande mmoja tu, na mara nyingi mahali pale pale nyuma ya sarafu huwa hafifu vile vile, kwa kuwa madini hayakutosha kujaza mihuri miwili pamoja. Katika hela ya kwanza ya Bibi taji lilikuwa kama ukungu, lakini tarakimu 20 za upande wa pili zilikuwa na kingo kali kama zilizokatwa kwa kisu. Kama ni mikono ya watu iliyolifuta taji, basi mikono hiyo hiyo ingalizifuta na tarakimu, maana hakuna atumiaye sarafu upande mmoja. Nilimwonyesha Bibi kwa kioo. Akatazama kwa muda mrefu, akasema, "Hii haikuzeeka. Hii ilizaliwa hivi." Sijasikia bado mtaalamu aliyeeleza vizuri zaidi ya hapo. Niliandika katika daftari: moja "Very Fine", chapa hafifu, ya pili "Fine", chapa hafifu.

Rupia niliiacha mwisho, kwa kuwa ilikuwa bora kuliko zote. Rangi yake ilikuwa ya kijivu chenye samawati kidogo ukingoni, kama shingo ya njiwa, na tai aliye juu ya kofia ya Kaiser alionekana manyoya yake. Niliiona kuwa "Extremely Fine" bila shaka. Giza likaingia, nikasema nitarudi kesho kuandika barua yenye maelezo ya kila moja, niwapelekee wanunuzi wa mji mkubwa pamoja na picha.

Niliporudi kesho yake, mjukuu alinipokea kwa furaha njiani. Alikuwa ameisugua rupia kwa majivu na limau ili isitie aibu mbele ya wanunuzi. Hakika ilikuwa nyeupe. Kwa kioo niliona mistari midogo midogo, mamia, yote ikienda upande mmoja kama shamba lililopigwa reki, na ule mng'ao wa kuzunguka ulikuwa umekwisha. Mtoto yule alifanya kwa mapenzi, na kwa kawaida ya nyumba zetu zote, maana sufuria ikiwa nyeusi husuguliwa, na mtoto asuguaye vizuri husifiwa. Nani alimfundisha ya kwamba fedha ya kale haioshwi kama sufuria? Bibi hakumkemea. Aliigeuza rupia mkononi, akasema, "Sasa yang'aa kama kijiko, bila shaka watainunua kwa bei ya kijiko."

Na karibu ilikuwa hivyo. Mnunuzi mmoja wa mjini, mtu wa makamo ajuaye kazi yake, alikubali maelezo yangu juu ya hela za Tabora, akalipa kwa hizo mbili zaidi ya mara nne ya bei ile ya kwanza aliyotajiwa Bibi kwa zote nane. Lakini juu ya rupia aliandika maneno ambayo kila mkusanyaji ayachukia: michoro ya "Extremely Fine", imesafishwa. Akatoa bei ya uzito wa fedha yake na nyongeza kidogo. Shilingi alizichukua kwa kujaza mfuko tu. Bati za jiko zilipatikana, na misumari. Za nyumba kubwa hazikutosha. Ile senti kumi ya tundu Bibi hakuitoa. Nilimwambia kuwa ni "Fair", haina bei, na kwamba haidhuru akiiweka. Akanijibu ya kuwa hakuwa na nia ya kuniuliza bei yake; alivishwa shingoni kwa uzi alipokuwa mtoto mchanga, na aliyeilainisha namna ile ni yeye mwenyewe.

Basi juu ya kusafisha sina maneno mengi. Usisugue. Usitumie majivu, wala limau, wala mchanga, wala dawa ya meno. Sarafu ikitoka ardhini na udongo, iloweke katika maji safi matupu, hata siku mbili tatu, kisha iweke juu ya kitambaa laini ikauke yenyewe. Rangi ile iliyoingia kwa miaka mingi, ya kahawia katika shaba na ya kijivu katika fedha, wanunuzi huipenda, kwa kuwa ni ushahidi kwamba hakuna mtu aliyeigusa. Ihifadhi katika bahasha ya karatasi kavu. Mifuko laini ya plastiki isiyo ya kazi hiyo baada ya muda huzipaka sarafu utando wa kijani unaonata, nao huila shaba polepole.

Sasa nifike kwenye tarakimu, maana siku hizi maneno peke yake hayatoshi. Mwaka 1949 Mmarekani mmoja, William Sheldon, alitoa kitabu juu ya senti kubwa za shaba za kwao. Kazi yake hasa ilikuwa elimu ya nafsi za watu, naye alipenda kupima vitu kwa tarakimu. Hata miili ya wanadamu aliipanga kwa tarakimu tatu tatu. Katika senti alianza na 1, iliyochakaa kabisa, akaishia na 70, iliyo kamili, kwa kuwa aliona ya kwamba senti kamili iliuzwa kwa kadiri ya mara sabini ya ile iliyochakaa. Ndiyo sababu kipimo hiki hakikomi kwenye mia, jambo linalowatatiza wanafunzi wangu waliozoea alama za mtihani. Uwiano ule wa bei ulivunjika upesi, lakini tarakimu zilibaki, zikaenezwa kwa sarafu za kila namna. (Huyu Sheldon alikufa mwaka 1977, na baadaye ikathibitika mahakamani ya kuwa alikuwa amebadilisha kwa siri senti nzuri za chama cha American Numismatic Society cha New York, akiacha zake zilizo duni mahali pake. Kujua kupima ni jambo moja.)

Kwa kipimo hicho "Good" ni 4 au 6, "Very Good" ni 8 au 10, "Fine" ni 12 au 15, "Very Fine" ni toka 20 hata 35, "Extremely Fine" ni 40 au 45, na "About Uncirculated" ni toka 50 hata 58. Kuanzia 60 hata 70 ni zile ambazo hazikutumika, nazo huandikwa kwa herufi MS. Mwanafunzi asione 12 akadhani ni alama ya kufeli. Ni "Fine", sarafu ya heshima. Tena liko jambo la ajabu kati ya 58 na 60. Sarafu ya 58 imepita mikononi kidogo sana, labda mfukoni mwa mtu mmoja, nayo yaweza kuwa safi na ya kupendeza. Ya 60 haikutumika kamwe, lakini yaweza kuwa imepigwa na wenzake katika gunia mpaka uso wa mfalme una makovu kama mtu aliyeugua ndui. Mimi nikipewa kuchagua ya kuangalia jioni, nachukua 58, wala sijuti.

Tangu miaka ya 1980 ziko kampuni za Marekani, kama PCGS, iliyoanza kazi mwaka 1986, na NGC ya mwaka 1987, ambazo kwa malipo huipima sarafu na kuifungia katika kisanduku kigumu cha plastiki pamoja na daraja lake. Jambo hili limepunguza magomvi kati ya wauzaji na wanunuzi walio mbalimbali. Lakini gharama ya kupima na kusafirisha haipungui kwa kuwa sarafu ni ya kimaskini. Kupeleka shilingi ya simba iliyolika ni sawa na kumpeleka kuku hospitali. Kwa rupia kumi na tano ya dhahabu ni habari nyingine, hasa kwa kuwa za bandia ziko.

Mtu mwenye sarafu za Wajerumani ajue pia ya kwamba wanunuzi wake wengi watakuwa Wajerumani, nao wana maneno yao. "Schön" ni nzuri, na "sehr schön" ni nzuri sana. Lakini hiyo nzuri sana yao yakaribiana na "Very Fine", yaani sarafu ya katikati. Juu yake ni "vorzüglich", na juu kabisa ni "Stempelglanz", maana yake mng'ao wa muhuri, nami naliona hilo kuwa jina la haki kuliko yote, kwa kuwa lataja kitu kionekanacho. Wafaransa wamezidi: kwao "nzuri, nzuri sana sana" nayo ni ya katikati. Waingereza na Wamarekani hushirikiana maneno, illa Waingereza kwa kawaida ni wakali zaidi, hata "Extremely Fine" ya London yaweza kuitwa "About Uncirculated" ng'ambo ya pili. Na neno "Proof", linaloandikwa mara nyingi kana kwamba ni daraja la juu ya yote, si daraja. Ni namna ya kutengeneza, sarafu iliyopigwa kwa uangalifu wa pekee kwa mihuri iliyong'arishwa. Mtoto akiiiba kabatini na kuipeleka dukani kununua peremende, itakuwa "Proof" iliyochakaa.

Katika kufundisha mambo haya nimeona ya kuwa kitabu chafaa kidogo, na mkono wafaa zaidi. Mwezi uliopita niliazima kwa wazazi senti kumi za tundu kumi, zile zenye taji upande mmoja na pembe mbili za ndovu upande wa pili, nikazipanga ovyo juu ya dawati lililo karibu na dirisha, nikawaambia wanafunzi sita wazipange toka iliyolika mno hata isiyolika. Niliwakataza kutaja neno lolote la Kiingereza mpaka wamalize. Walianza kwa kuangalia usafi, wakaweka mbele moja iliyokuwa nyeupe kwa kusuguliwa; kisha msichana mmoja akaipinda kidogo mbele ya mwanga, akaona taji lake limekuwa tambarare, akairudisha nyuma hadi nafasi ya nane. Toka hapo waliacha kutazama rangi, wakatazama taji na mgongo wa pembe. Nane kati ya zile kumi walikubaliana juu yake. Ya tano na ya sita hawakupatana. Upande mmoja ulisema kwamba taji la hii lina msalaba ulio kamili. Upande wa pili ulisema kwamba pembe za ile zina kingo kali zaidi, na kuwa taji lake lilipigwa hafifu tangu mwanzo. Niliangalia kwa kioo, nikawaambia kwamba mimi ningetanguliza ya kushoto. Hawakukubali. Kengele ilipolia walizirudisha kila moja katika bahasha yake, wakaandika jina la mwenyewe juu, wakatoka kwenda kucheza mpira wakibishana bado.